Viungio vya bomba vya kuchomeka: nifunike ukuta au nivitoe?

*"Fundi, habari za kazi. Bomba letu la maji ya moto, la kopa, la milimita 15, lilitoboka katundu kadogo kama ka sindano ndani ya ukuta wa bafu. Fundi aliyekuja alikata kipande cha kama sentimita 20, akaweka kipya na kukiunga kwa viungio viwili vya kuchomeka, vile ambavyo unasukuma tu bomba linaingia na kushika. Hakulehemu, hakukaza nati, hakutumia gundi wala tepu. Alimaliza kwa dakika kumi hivi na hakuna tone linalotoka. Sasa anataka kupiga plasta abandike vigae. Kaka yangu anasema vile ni vya dharura tu, vitolewe palehemiwe. Shemeji anasema vina dhamana ya miaka mingi, nifunike nilale. Kweli kapete ka mpira kanaweza kushika presha ya maji ya moto kwa miaka? Nifanye nini kabla ukuta haujafungwa?"*

Usifunike bado. Simaanishi kwamba viungio hivyo havifai. Kiungio kizuri cha aina hiyo, kikikaa kwenye bomba linalokifaa na kuingizwa inavyotakiwa, ni kifaa cha kudumu, wala si cha dharura. Kinachonitia shaka katika maelezo yako ni kitu kingine kabisa: kipande kilichokatwa katikati ya bomba lililofungwa ndani ya ukuta pande zote mbili, kikaungwa kwa dakika kumi. Hapo kuna kosa moja linalotokea mara nyingi sana, na halionekani kwa macho wala halivuji siku ya kwanza. Nitalifikia. Kwanza tuondoe wasiwasi wa mpira, maana huo ndio unaowasumbua wengi.

Watu wengi wanadhani pete ya mpira ndiyo inayolishika bomba lisichomoke. Sivyo. Ndani ya kiungio kuna kazi mbili na vifaa viwili tofauti. Ukianzia mdomoni unakutana na kola (pete ya mdomoni unayoibonyeza ili kuliachia bomba), kisha pete nyembamba ya chuma kisichoshika kutu yenye meno yaliyoinama kuelekea ndani, kisha pete ya mpira, na mwisho kabisa kuna kikomo, yaani ukingo mdogo unaozuia bomba lisipite. Meno yale yanafanya kazi kama mwiba wa ndoana: bomba linaingia bila shida, lakini likitaka kurudi nyuma linayazamisha zaidi. Meno yanashika, mpira unaziba. Mpira hauvutwi na mtu, umebanwa tu kati ya bomba na ukuta wa kiungio, na presha ya maji yenyewe inausukuma ujaze pengo vizuri zaidi.

Nguvu inayotaka kulichomoa bomba unaweza kuipigia hesabu mwenyewe. Ni presha mara eneo la duara la bomba. Kwa bomba la milimita 15 na presha ya bar 3, ni kama kulitundikia bomba mzigo wa kilo 5 na nusu. Kwa bar 6, ambayo kwa nyumba tayari ni presha kubwa, inafika karibu kilo 11. Kwa bomba la milimita 22 kwenye bar 6 ni kama kilo 23. Hivyo ni vizito vidogo kwa meno ya chuma yaliyouma kopa. Viungio vya shaba ya njano (brasi, si kopa) vya kampuni ya SharkBite, kwa mfano, vimepimwa kwa psi 200, sawa na karibu bar 14, na joto la nyuzi 93. Vya plastiki huwa na kipimo cha presha kinachopungua joto linavyopanda, kwa hiyo kisome kwa lile joto utakalotumia, usisome kile cha maji baridi pekee.

Na joto je? Mpira wa viungio hivi kwa kawaida ni EPDM, mpira uleule unaotumika kwenye vifaa vingi vya maji ya moto. Maji ya moto ya nyumbani huwa nyuzi 50 hadi 60, kwa hiyo kuna nafasi kubwa kabla ya kufikia 93. Ni kweli mpira huzeeka: joto la miaka huufanya mgumu, nao hubonyea ukabaki hivyohivyo bila kurudi. Lakini hilo huenda polepole sana kwenye joto la kawaida. Mahali ambapo siviweki ni karibu na paneli ya jua ya kupashia maji, au karibu na hita ambayo kidhibiti joto chake hakiaminiki, kwa sababu pale maji yanaweza kuchemka na kutoa mvuke. Pia mpira huu ni adui wa mafuta ya petroli na vitu vyote vitokanavyo nayo. Akija mtu na grisi ya gari au mafuta ya kupaka ya petroli ili bomba liteleze vizuri, mpira huo utavimba na kulegea. Kama lazima kulainisha, ni grisi ya silikoni tu, tena kidogo, au maji matupu. Kwa sababu hiyohiyo, viungio vya maji haviruhusiwi kwenye gesi wala kwenye mafuta.

Sasa tuje kwenye hofu halisi.

Bomba lako limeshikwa na ukuta juu na chini, halisogei. Fundi amekata sentimita 20 katikati. Kiungio cha kawaida kinataka bomba liingie kila upande kama milimita 25, ukubwa huu ukitofautiana kidogo kwa kila mtengenezaji. Maana yake, ili kipande kipya kiingie kikamilifu kwenye viungio vyote viwili, lazima kiwe na urefu unaokaribia pengo lote lililopo kati ya ncha mbili za bomba la zamani, pungufu milimita chache tu za vile vikomo. Lakini kipande kirefu hivyo utakiingizaje? Ukishachomeka viungio kwenye bomba la zamani, midomo yao imesogeleana, na nafasi iliyobaki kati yao ni ndogo kuliko kipande chenyewe. Kama bomba la ukutani lingeweza kuvutwa nje au kupindwa, lingepita. Lako halipindiki.

Kuna njia mbili za haki za kutatua hilo. Ya kwanza ni kutumia soketi ya kuteleza, kiungio kirefu kisicho na kikomo ndani: unakisukuma chote kwenye bomba moja, unaweka kipande mahali pake, kisha unakirudisha nyuma huku umebonyeza kola kwa klipu yake hadi kikae sawa juu ya maungio. Ya pili ni kutumia kipande cha bomba la plastiki linalokunjika, kama PEX, ambacho unakipinda kidogo ili kiingie. Njia ya tatu, isiyo ya haki, ndiyo inayofanyika fundi akiwa hana soketi ya kuteleza mfukoni: anakata kipande kifupi. Kifupi cha kutosha kupenya katikati ya midomo miwili, kisha anakigawa, nusu huku nusu kule. Meno yanalishika, mkono ukivuta halitoki, maji yakifunguliwa hakuna tone, lakini bomba halijafika kwenye kikomo, na pengine ncha yake imegusa tu mwanzo wa pete ya mpira.

Kwa nini hiyo ni hatari ikiwa leo hakuvuji? Kwa sababu bomba la maji ya moto halitulii. Kopa hurefuka kama milimita 0.017 kwa kila mita kwa kila nyuzi moja ya joto. Bomba la mita 3 likitoka nyuzi 20 kwenda 60 linarefuka milimita 2, na likipoa linarudi. Linafanya hivyo kila mtu anapooga. Mpira unaligusa bomba kwa mkanda mwembamba wa milimita chache tu. Bomba lililoingia hadi mwisho lina akiba ya kutosha kusogea mbele na nyuma bila kutoka kwenye mkanda huo. Lililoingia nusu halina. Linaweza kukaa kavu wiki nzima au miezi, kisha likaanza kuvuja nyuma ya vigae wakati hakuna anayelitazama.

Kwa hiyo swali la kumuuliza fundi wako ni hili: "Ulitumia soketi ya kuteleza?" Wewe mwenyewe unaweza kutazama. Ile ya kuteleza ni ndefu waziwazi kuliko ya kawaida. Kama viungio vyote viwili ni vifupi na vinafanana, na kipande cha kati ni cha kopa ngumu, mimi singefunika ukuta huo kabla ya kuvifungua. Tazama pia kama kuna alama ya kalamu kwenye bomba pembeni ya kila mdomo. Viungio viwili ni midomo minne, kwa hiyo alama ziwe nne, na kila moja iwe inagusa ukingo wa kola au iko karibu nayo sana. Fundi aliyeweka alama alipima. Asiyeweka alama alikisia, hata kama mkono wake ni mzoefu.

Kukagua hakuhitaji zaidi ya saa moja. Zima hita na usubiri maji yapoe. Funga koki kuu, kisha fungua bomba la chini kabisa ndani ya nyumba na lile la maji ya moto la bafuni ili maji yote yatoke na presha iishe kabisa. Tia klipu ya kuachia kwenye kola, ibonyeze sawasawa pande zote mbili, isiwe upande mmoja tu, na huku umeibonyeza zungusha bomba kidogo na kulivuta. Likitoka, usilirudishe. Litazame kwanza ncha.

Hapa naomba uwe na subira, kwa sababu kuaminika kwa kiungio hiki kunategemea hizi milimita 25 za mwisho za bomba kuliko kitu kingine chochote. Pitisha ukucha wa kidole gumba kuizunguka ncha, kisha kwa urefu. Ukucha ukikwama kwenye mkwaruzo unaokwenda kwa urefu wa bomba, ncha hiyo haifai. Mkwaruzo wa mzunguko mpira unaweza kuuziba, lakini wa urefu ni mfereji unaopita chini ya mpira moja kwa moja hadi nje. Kumbuka mpangilio niliousema: bomba linapita kwenye meno kwanza ndipo linafika kwenye mpira. Mtu akichomoa bomba bila kubonyeza kola vizuri, meno yanachora mistari mahali palepale mpira utakapokaa mara ya pili. Ndiyo maana sipendi kiungio kinachozungushwazungushwa au kuchomolewa kila mara.

Tazama pia ukingo. Bomba lililokatwa kwa msumeno wa chuma huwa na ukingo mkali na mara nyingi limekatwa mshazari. Ukali ule unapita juu ya mpira kama kisu, unakata kipande kidogo, na kuna wakati utakikuta hicho kipande cheusi kimebaki ndani ya bomba. Kukata kwa haki ni kwa kikatio cha gurudumu kinachozunguka bomba na kuacha ukingo ulionyooka, kisha ukali unaondolewa nje na ndani kwa tupa laini au kifaa chake. Ncha isiwe imebonyea; ikiwa si duara kamili, kata upya mbele kidogo. Futa rangi, saruji, mabaki ya risasi ya kulehemia na gundi ya lebo. Kopa iliyopigwa msasa kwa nguvu mpaka ikajaa mikwaruzo nayo ni tatizo: msasa laini, kwa kuzungusha, na uishie hapo.

Kisha pima kina. Chukua kiungio chenyewe, ingiza kijiti chembamba hadi kigonge kikomo, weka kidole mdomoni, toa upime. Au tumia kipimo kilichoandikwa na mtengenezaji. Chora alama kwa maka peni kwenye bomba kwa umbali huo. Kwa soketi ya kuteleza, alama ndiyo kila kitu, maana ndani hakuna kikomo cha kukuambia umefika; fuata vipimo viwili vya mtengenezaji, kile cha upande unaosukumwa sana na cha upande wa kawaida. Kama kipande cha kati ni cha plastiki, kila ncha yake lazima iwe na kikombe cha ndani kinachoizuia isibonyee. Vingine huja vimejengewa kikombe hicho ndani ya kiungio, vingine hununuliwa pekee. Plastiki laini isiyo na kikombe hunywea polepole chini ya mbano wa mpira, hasa kwenye maji ya moto, na hatimaye huvuja.

Sukuma kwa kunyoosha, ukizungusha kidogo, hadi alama ifike kwenye kola. Mara nyingi utahisi ugumu mara mbili: wa meno, halafu wa mpira. Wanaoishia kwenye ugumu wa pili wakidhani wamefika ni wengi mno. Ukimaliza, vuta kwa nguvu. Presha ikiingia, bomba linaweza kurudi nje milimita moja au mbili meno yakijikaza. Hilo ni la kawaida, usishtuke.

Kwa kazi inayofunikwa na ukuta ningenunua viungio vipya badala ya kurudisha vya zamani, hata kama mtengenezaji anaruhusu kuvitumia tena. Na kama ncha ya bomba la ukutani imeharibika, ikate. Pengo likiongezeka, kipande kipya na soketi ya kuteleza vitalimaliza.

Kabla ya kujaribu, hakikisha na ukubwa. Umesema bomba ni milimita 15. Soma maandishi yaliyopigwa kwenye bomba lenyewe au pima kipenyo cha nje. Bomba la kopa linaloitwa nusu inchi kwa vipimo vya Marekani lina kipenyo cha nje cha milimita 15.9. Tofauti haifiki milimita moja, lakini kiungio cha 15.9 kikiwekwa kwenye bomba la 15 mpira unabanwa kidogo kuliko ulivyokusudiwa. Dalili ni bomba kuingia kwa ulaini wa ajabu. Na kwa wanaosoma wakiwa na mabomba mengine: bomba la mabati la nusu inchi lina kipenyo cha nje cha milimita 21.3 na ugumu usiofaa kwa meno haya, lenyewe linataka uzi. Bomba gumu la plastiki liitwalo PPR linaunganishwa kwa kuyeyushwa kwa joto. Bomba lililopakwa kromu lina ngozi ngumu inayoteleza, meno hayaiumi mpaka ichongwe mfereji kama mtengenezaji anavyoelekeza.

Jaribio lifanyike mara mbili, kuanzia presha ndogo. Wengi hufungua koki yote mara moja, na hapo kuna mtego: presha kubwa inaweza kuusukuma mpira ukaziba kwa muda mahali ambapo kwa presha ndogo pangedondosha. Fungua koki kidogo, acha dakika 10, pangusa kila mdomo kwa karatasi kavu ya chooni, maana karatasi huonyesha unyevu ambao jicho halioni. Kisha presha kamili, dakika nyingine 10. Baada ya hapo washa hita, pitisha maji ya moto, acha yapoe, rudia. Kwa ukuta unaokwenda kufungwa ningeacha wazi siku mbili tatu za matumizi ya kawaida, na usiku mmoja nikafunga mabomba yote na kusoma mita ya maji jioni na alfajiri.

Kuhusu kaka yako: kulehemu ni kuzuri, na kwa kopa ndani ya ukuta bado ndiyo chaguo la kwanza la mafundi wengi. Hakuna mpira wa kuzeeka. Lakini kunataka bomba kavu kabisa. Maji kidogo yanayodondoka kutoka juu yanainyima risasi joto na kiungo kinabaki na tundu. Kunataka pia mwali wa moto ndani ya ukuta, penye mbao au nyaya. Ukichagua kulehemu, viungio vya kuchomeka vilivyo karibu vitolewe kwanza, joto lisipite kwenye bomba na kuunguza mpira. Kiungio cha nati na pete ya kubana kinaaminika na kinakazika tena, ila ndani ya ukuta hutakifikia kukikaza. Shemeji naye, mwambie dhamana kwa kawaida hufidia kasoro ya kiwandani. Bomba lililoingia nusu ni kosa la mfungaji, na vigae vilivyovunjwa huenda visiguswe na dhamana hiyo.

Mimi, kwa hali yako, ningebaki na viungio vya kuchomeka vya shaba isiyoliwa na maji, kimoja kikiwa soketi ya kuteleza, nikavizungushia tepu ya silikoni inayojishika au kitambaa cha povu ili plasta isivigande. Saruji hula shaba kidogokidogo, na bomba lililogandishwa na plasta halina pa kurefukia, hivyo msukumo wote unaishia kwenye kiungio. Na kama kigae kimoja kinaweza kuwa mlango mdogo wa ukaguzi, uweke. Kanuni za ujenzi za maeneo mengine hazikubali aina zote za viungio hivi kufichwa, kwa hiyo ulizia za kwenu na usome karatasi iliyokuja na kiungio.

Bado kuna katundu kenyewe. Kopa haitoboki bila sababu. Omba ukione kile kipande kilichokatwa, kipasue kwa urefu utazame ndani. Ukikuta shimo moja tu lenye alama ya msumari au drili kwa nje, tatizo limekwisha. Ukikuta madoa ya kijani na vishimo vingi upande wa ndani, bomba zima linaliwa, na viungio hata vikiwa bora vipi vimeshikilia bomba linaloisha. Hapo mwite fundi bomba mwenye leseni apime presha na kuangalia maji yenu, na uwe tayari kubadilisha njia nzima ya maji ya moto kabla ya vigae. Mwite pia presha ikizidi bar 5 au mabomba yakigonga kwa kishindo kila unapofunga, kwa sababu kishindo kile ni presha inayoruka ghafla na kulitikisa kila ungio. Na kama kipande kipya ni cha plastiki, mwite fundi umeme: baadhi ya nyumba bomba la kopa limeunganishwa na waya wa kulinda watu dhidi ya shoti, na plastiki katikati inakata njia hiyo. Aihakikishe na kuunga waya wa kuvuka pale inapobidi, ukuta ukiwa bado wazi.